Mama Aliyekataa Kulaani

Maziwa ya ngamia yalitiririka hadi barabarani. Yalitoka chini ya meza ya duka, yakapita kizingiti, yakashuka ngazi za saruji na kuingia katika vumbi la Kitengela mbele ya watu waliokuwa wakienda kazini, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuyakanyaga. Ahmednasir alikuwa amevifungua vibuyu vyote vilivyofika alfajiri kutoka Bisil, akavimimina kimoja baada ya kingine bila haraka, kama mtu anayemwagilia bustani. Dada yake, Ugbad, alipojaribu kumpokonya kibuyu cha mwisho, aliubamiza mlango wa chuma juu ya mkono wake. Mlio wa mfupa ulisikika mpaka kwa muuza mitumba wa jirani.

"Leo ni maziwa," Ahmednasir alisema kwa Kisomali, kisha akarudia kwa Kiswahili ili majirani wasikose kuelewa. "Siku ingine nakuja na petroli. Hii ploti ni ya baba yangu na mnunuzi niko naye. Mtatoka mkiwa wazima ama mkiwa majivu."

Mama yao, Kafiya, alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane wa miaka mingi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu mzima akimwaga maziwa kwa makusudi. Kwa watu wa ngamia, maziwa ni baraka kabla hayajawa chakula. Wanawake wa Kisomali waliotoka katika maduka ya jirani walishika vichwa.

"Mlaani!" akalia mmoja wao. "Kafiya, mlaani sasa hivi! Unangoja nini?"

Ghafla pakawa kimya. Wapita njia wa makabila mengine hawakuelewa sababu ya kimya hicho, lakini Ahmednasir alielewa. Rangi ilimtoka usoni. Laana ya mama, kwao, si matusi ya hasira yanayosahaulika kesho yake. Ni neno ambalo likishatoka halirudi. Humfuata mwana safarini, humfuata katika ndoa na katika biashara, na hata mama mwenyewe hana uwezo wa kuliita lirudi. Kijana yule mwenye mabega mapana, aliyekwisha kupigana na madereva wa malori Namanga akawashinda, alisimama katikati ya duka akimtazama mama yake mdomoni.

Kafiya alivuta pindo la shuka lake, akalisokomeza mdomoni na kuling'ata. Mishipa ya shingo ilimtoka. Akabaki hivyo, macho yake yakiwa juu ya mwanawe, mpaka mwanawe akageuka na kwenda zake.

*

Muuza mitumba wa jirani, Jentrix, ndiye aliyempeleka Ugbad hospitali akafungwa plasta, na ndiye aliyewasindikiza mama na binti hadi kituo cha polisi, ambacho hakina haja ya kutajwa. Askari wa zamu aliwasikiliza huku akichokonoa meno kwa kijiti.

"Huyo ni kijana wako wa kuzaa?" alimwuliza Kafiya.

"Ndio. Wa tumbo."

"Sasa, mama, ulimlea wewe ama tulimlea sisi?" Wenzake wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka. "Nendeni mfanye maslaha yenu huko. Nyinyi watu hamkosi wazee. Mnachinja, mnakula, mnamaliza. Mkija hapa mnatujazia kitabu bure."

"Mkono imevunjika!" Jentrix akapaza sauti. "Si unaona plasta? Ama unadhani ni urembo?"

"Wewe ni nani kwa hii familia?"

"Mimi ni jirani. Nyumba ikichomwa, yangu ndiyo ya pili kushika moto."

Askari akasema wangemwita kijana, wazungumze naye. Hakumwita.

*

Maslaha, yaani kikao cha wazee cha kupatanisha, yalifanyika, na yalifanyika kwa utaratibu wake wote. Muhumed, kaka wa marehemu mume wa Kafiya na mzee wa ukoo, alikuja na wazee wenzake, wakaketi juu ya zulia, wakanywa chai ya maziwa na tangawizi. Ahmednasir aliletwa. Aliapa mbele yao kwamba hatamgusa tena mama yake wala dada yake, na kwamba suala la ploti litangoja uamuzi wa ukoo. Alichinja kondoo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akapiga magoti, akambusu mama yake juu ya kichwa.

"Nisamehe, Hooyo," akasema. Hooyo ndilo neno ambalo Wasomali humwitia mama, na ndilo ambalo mama naye humwitia mwanawe kwa mapenzi.

"Nimekusamehe, hooyo," Kafiya akajibu.

Muhumed akaridhika. Nyama ikapakuliwa katika sinia moja, na Kafiya akala. Ugbad alikula kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa katika plasta, na mzee mmoja akamkemea kwa kukosa adabu. Hakuna aliyemtetea.

Juma lile halikwisha. Ugbad alipotoka kwenda kufungua duka asubuhi, alikuta mlango wa nyumba umelowa. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa ua mzima. Juu ya kizingiti palikuwa pamewekwa kiberiti kipya, hakijawashwa hata njiti moja, kimesimamishwa wima kama zawadi.

Muhumed aliitwa. Alifika, akainusa mbao ya mlango, akakitazama kile kiberiti kwa muda mrefu bila kukigusa. Alikuwa mtu mwenye msimamo, aliyepatanisha watu kutoka Garissa hadi Kiserian, na kiapo kilichoapwa mbele yake hakikuwahi kuvunjwa waziwazi namna ile.

"Kondoo ameliwa na kiapo kimevunjwa," akasema hatimaye kwa Kisomali. "Sisi wazee hatuna tena cha kufanya. Limebaki lako, Kafiya. Tamka."

"Hapana."

"Atakuchoma."

"Nimesikia."

"Basi unataka kufa na binti yako kwa ajili ya huruma? Neno moja tu. Hata ukimwambia kwamba utalitamka kesho, atakuja akitambaa."

"Adeer," Ugbad akamwambia ami yake, "wewe watoto wako ungewalaani?"

"Mimi watoto wangu hawajaniletea petroli!"

Jentrix, aliyekuwa amesimama kwenye lango na ndoo ya maji ya sabuni ya kuoshea mlango, hakuelewa Kisomali, lakini alielewa kwamba wamekwama. Akaiweka ndoo chini.

"Mama Ugbad, mimi sijui maneno ya wazee, na mzee anisamehe," akasema. "Lakini kwa korti ya Kajiado wanapeana karatasi. Dada yangu alipewa ya bwana yake. Inasema huyu mtu asikaribie. Akikaribia, anafungwa. Si lazima afe, si lazima nani. Anakaa tu mbali."

Kafiya akamgeukia. "Hiyo karatasi inaisha?"

"Inaisha vipi?"

"Naweza kwenda nikasema sasa imetosha, wakaiondoa?"

"Eeh, si unarudi tu kwa jaji unamwambia."

"Kumpeleka mtoto wako mwenyewe kwa serikali!" Muhumed akasema, sasa kwa Kiswahili, ili na Jentrix apate sehemu yake ya lawama. "Watu watasema nini? Mama anashtaki tumbo lake! Hiyo ni aibu, Kafiya. Mimi siendi huko."

"Sikukuambia uende," akasema Kafiya, akaingia ndani kutafuta kitambulisho chake.

*

Kajiado huwa na upepo asubuhi, nao ulikuwa ukivuma vikali siku ya kusikilizwa kwa ombi lao. Mawakili waliojitolea kuwasaidia wasio na uwezo walikuwa wamewaandikia hati ya kiapo, na mahakama ilikuwa imetoa amri ya muda. Sasa ilibidi pande zote mbili zisikilizwe ndipo amri kamili itolewe au ikataliwe. Kama ingekataliwa, wangerudi Kitengela mikono mitupu, na aliyeweka kiberiti angejua kwamba hakuna wa kumzuia.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekuja licha ya yote. Waliketi nyuma ya Ahmednasir. Muhumed pia alikuwepo, ingawa alikuwa amesema kwamba hatafika. Kafiya alipowasalimu ukumbini, wawili kati yao walitazama dari. Aliketi kwenye benchi la upande wa pili na Ugbad na Jentrix, mikono mapajani, kama mgeni kwenye harusi ambayo hakualikwa.

Ahmednasir alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema vizuri, kwa upole, kwa Kiswahili kilichonyooka. Alikana petroli, nani alimwona? Mkono wa dada yake ulikuwa ajali ya mlango. Maziwa alikubali kuyamwaga, na alikwisha kuomba radhi.

"Mheshimiwa, mimi na mama tulimaliza," akasema. "Wazee hawa ni mashahidi. Nilichinja, nikaomba msamaha, akanisamehe kwa mdomo wake na akala ile nyama. Kwetu jambo likisamehewa namna hiyo limezikwa. Hii kesi ni ya dada yangu na majirani. Muulize mama mwenyewe kama hakunisamehe."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Wakili kijana aliyekuwa akiwasaidia, jina lake Ndulu, alimwinamia Kafiya sikioni.

"Mama, hapo ndipo kesi inaweza kuanguka," akanong'ona. "Sema ulisema hivyo kwa woga. Sema wazee walikulazimisha. Si uongo, si walikulazimisha?"

"Hakuna mtu alinilazimisha," Kafiya akamjibu. "Nilisamehe kweli."

Ndulu akaweka kalamu yake mezani.

Hakimu alikuwa Bi Makena, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Alimwuliza Kafiya iwapo anahitaji mkalimani. Kafiya akakataa, akasema atatumia Kiswahili chake, kibovu hivyo hivyo, asije mtu akayapunguza maneno yake. Akala kiapo kwa Kurani, akashika ukingo wa kizimba.

"Mama, ni kweli ulimsamehe mtoto wako?"

"Kweli, Mheshimiwa. Nilisamehe. Nyama nilikula. Mimi siwezi kuwa nimeshika Kitabu halafu niseme uongo."

Minong'ono ikapita nyuma. Ahmednasir akashusha pumzi.

"Basi," akauliza hakimu, "unataka nini kwa hii korti?"

Kafiya alimtazama hakimu kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kumtwika mwenzake.

"Kusamehe ni ya mimi na Mungu," akasema. "Nyumba kuchomwa ni ya mimi na huyu. Hizo ni vitu mbili. Na msichana yangu iko ndani ya hiyo nyumba, yeye hakuulizwa kama amesamehe. Alikula na mkono ya kushoto, wakamgombeza."

"Endelea."

"Kwetu, Mheshimiwa, mama iko na kitu moja ya mwisho. Wazee hawa wananiambia, tumia. Siku ya maziwa wamama waliniambia, tumia. Mimi najua hiyo kitu. Mama yangu alimwambia ndugu yangu neno moja, asubuhi, kwa kisima, juu ya mambo ya mbuzi. Sitasema ni nini ilimpata. Mama alilia mpaka akakufa, alikuwa anaita hiyo neno irudi kama mtu anaita ngamia amepotea. Haikurudi."

Akaugusa ulimi wake kwa kidole, bila haya, mbele ya wanaume wote wale.

"Siku ya maziwa ilikuwa imefika hapa. Nikakula shuka yangu. Watu walifikiria naogopa yeye. Siogopi yeye. Mimi niliogopa mimi."

Karani alikuwa ameacha kuandika.

"Karatasi yako iko na mwisho," Kafiya akaendelea. "Leo unaandika, kesho unaweza kufuta. Huyu akinyoosha maisha yake, nitakuja hapa na miguu yangu nikuambie, mama, futa. Yangu haifutiki. Na nikikaa na yeye nyumba moja, siku moja atafanya kitu na mimi nitakuwa sina shuka karibu. Ndio maana nimekuja. Mshike wewe, Mheshimiwa, ndio mimi nisimshike."

Wapo watu wazima ambao hufika uzee wao bila kumtambua kabisa yule aliyewazaa. Ahmednasir alikuwa karibu kuwa mmoja wao. Kwa muda wote ule alikuwa amejiona yeye ndiye mwenye nguvu katika nyumba ile, yeye mwenye mabega, yeye mwenye kiberiti. Sasa aliona kwamba tangu siku ya maziwa alikuwa ametembea, amekula na kulala chini ya kitu kizito kilichoshikiliwa juu ya kichwa chake kwa meno ya mwanamke mzee, na kwamba mwanamke huyo alikuwa amechoka, na bado hakukiachia. Nyuma yake, Muhumed alikuwa ameinamisha uso mpaka ndevu zikagusa kifua.

Bi Makena alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika kwa muda. Aliposoma amri, aliisoma polepole, akimtazama Ahmednasir kila baada ya sharti. Asiingie katika nyumba ile wala duka lile. Asikaribie chini ya mita mia moja. Asipige simu wala kutuma mtu. Suala la ploti liende kwenye korti ya ardhi. Hapa si mahali pake. Akivunja hata sharti moja, atakamatwa na kufungwa.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Uko na swali?"

"Hata siku ya Idi?"

"Hata siku ya Idi," akasema hakimu, na wote waliokuwepo walisikia kwamba hakufurahia kulisema.

*

Kafiya aliilipia amri ile. Wanawake waliozoea kununua maziwa kwake walianza kununua upande wa pili wa barabara. Wengine walimwita mama wa korti, si mbele yake, lakini si mbali naye vya kutosha asisikie. Aliposalimu, alijibiwa kwa kifupi. Ugbad alitaka kugombana nao. Mama yake akamkataza, akasema salamu fupi nayo ni salamu.

Konstebo Saning'o, kijana wa Kimaasai aliyepewa kazi ya kusimamia amri ile, alikuja akaanza kupima kwa miguu kutoka kwenye mlango wa duka, akavuka barabara, akafika kwenye nguzo ya stima karibu na gereji.

"Hapa, mama," akapaza sauti. "Akipita hapa, unanipigia. Usimpigie mtu mwingine, unapigia mimi."

Muhumed, aliyekuwa ameanza kuja tena dukani kunywa chai bila kueleza sababu, aliitazama ile nguzo akaguna. Huyu kijana alikuwa amevunja neno la mama na kiapo cha wazee. Ni nini kitakachomsimamisha pale, palipo na vumbi tu na mafuta ya oili?

Ahmednasir alitokea Ijumaa moja baada ya swala. Jentrix ndiye aliyemwona kwanza. Akaiangusha suruali aliyokuwa akimwonyesha mteja.

"Mama Ugbad! Huyo anakuja!"

Ugbad akashika simu. Ahmednasir alikuwa akitembea upande wa pili wa barabara, amekonda, hana kitu mkononi. Alifika kwenye gereji. Alifika kwenye nguzo. Na pale, pasipokuwa na ukuta wala kamba wala askari, mtu aliyevunja mkono wa dada yake alisimama.

Fundi mmoja wa gereji alimsukuma kidogo ili apitishe gurudumu, naye akasogea kando, kisha akarudi mahali pale pale, vidole vya miguu yake vikiwa sambamba na nguzo. Muhumed alisimama na kikombe chake mkononi, chai ikimwagika polepole juu ya ndala zake, asiwe na habari.

"Subhanallah," akasema. Na baada ya muda, "Subhanallah."

Kafiya akatoka nje, akashuka ngazi. Ugbad akamshika bega kwa mkono ule uliokwisha kupona.

"Hooyo, usiende kwake."

"Siendi," akasema Kafiya. "Niache nimwone."

Walitazamana kwa muda, mama na mwana, malori ya Namanga yakipita katikati yao. Kisha Kafiya akaliteremsha shuka lake chini ya kidevu, akainua mikono miwili, na midomo yake ikaanza kusogea. Ugbad akasogea karibu zaidi, akategea sikio, na machozi yakaanza kumtoka, kwa maana mama yake alikuwa akimwombea Ahmednasir mke mwema, na kazi ya halali, na moyo uliotulia, na njia ya kurudi nyumbani. Akimtaja kwa jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake.

Lakini kule kwenye nguzo hakukufika hata neno moja. Malori yalinguruma, upepo ulivuma kuelekea upande mwingine. Ahmednasir aliona tu mikono ya mama yake imeinuliwa na midomo yake inatamka, na hakuwa na njia ya kujua kama ilikuwa ni dua au ni lile neno jingine, ambalo alikuwa amelistahili zaidi.

Hakukimbia. Alinyoosha viganja vyake wazi mbele ya kifua, akainamisha kichwa, akapokea.